Mgongo Usiopona Upesi: Mwongozo wa Kuishi Nao kwa Mazoezi na Utani

Mimi ni fundi cherehani, Mnyamwezi wa Tabora niliyehamia Dar es Salaam, na mgongo wangu unauma tangu wiki ya kuelekea Idi mwaka 2019. Wiki ile nilikaa kwenye cherehani kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita usiku, siku nne mfululizo, kanzu na madera yamerundikana hadi dirishani. Siku ya tano niliinama kuokota bobini, sikunyanyuka. Nikabaki nimekunjika, mkono mmoja umeshika mguu wa meza. Jirani yangu Mzaramo, mama anayekaanga mihogo nje ya kibanda changu, akachungulia.

“Babu zako walibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu,” akasema. “Wewe kibobini kimekushinda?”

Nilicheka, na kucheka kwenyewe kuliniuma. Lakini katika kucheka nikaachia pumzi niliyokuwa nimeibana bila kujua, kiuno kikalegea kidogo, nikaweza kutambaa hadi kwenye mkeka. Miaka kadhaa baadaye ndipo mtaalamu wa viungo aliponieleza kilichotokea pale. Haya ninayoandika ni yale aliyonifundisha yeye, na yale aliyonifundisha mtani wangu wa mihogo, nimeyapanga hatua kwa hatua kwa ajili ya mtu ambaye mgongo umemuuma zaidi ya miezi mitatu. Huo ndio mpaka ambao wataalamu wanautumia: maumivu yakivuka miezi mitatu huitwa maumivu sugu, na hutibiwa tofauti na ya jana na juzi.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni mgongo wa kutania

Si kila mgongo unaouma unafaa mazoezi ya nyumbani. Kuna inayotaka daktari leo. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukagoma kutoka, ukapata ganzi sehemu zile zinazogusa tandiko mtu anapopanda baiskeli, au mguu ukaanza kulegea na kuburuzika, usisubiri kesho. Hapo huenda mishipa ya fahamu imebanwa, na kila saa ina maana.

Kwetu Afrika Mashariki liko jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Watu wengi hudhani TB ni kikohozi tu, kumbe hukaa hata kwenye pingili. Dalili zake ni mgongo unaozidi kuuma taratibu, homa za jioni, jasho la usiku linaloloanisha shuka, na nguo kuanza kupwaya. Mimi kama fundi naliona hilo la mwisho kabla ya mwenyewe: mteja anakuja kupunguziwa suruali kwa mara ya pili ndani ya miezi miwili, huku anashika kiuno. Namwambia aende hospitali kwanza, suruali itasubiri. TB ya mgongo inatibika kwa dawa, ila ikicheleweshwa huacha kibyongo au kupooza.

Wengine wa kwenda kwa daktari kwanza ni walioanguka au kupata ajali, waliowahi kuugua saratani, wenye kinga ya mwili iliyopungua, waliotumia dawa za steroidi (zile kali za kupunguza uvimbe) muda mrefu, na wenye maumivu yasiyobadilika hata walale vipi. Ukishapimwa ukaambiwa hakuna la hatari, endelea kusoma.

Hatua ya pili: mwelewe mlinzi wako

Hatua hii ndiyo niliyoipuuza, na ndiyo iliyonichelewesha. Nilitaka dawa, mtaalamu akawa ananipa maelezo. Nikaona ananipotezea muda.

Fikiria nyumba yenye mlinzi. Siku moja wezi waliingia kweli, mlinzi akapiga filimbi, watu wakaamka. Kazi nzuri. Lakini tangu siku hiyo mlinzi hana amani: akipita paka, filimbi. Upepo ukitikisa bati, filimbi. Mwenye nyumba anarudi kutoka msikitini, filimbi. Wezi walishaondoka zamani, ila mtaa mzima haulali. Maumivu sugu ya mgongo kwa kiasi kikubwa ni mlinzi huyo. Msuli uliovutika hupona kwa wiki chache. Mishipa ya fahamu na ubongo ndivyo vinavyobaki na wasiwasi, na vinapiga filimbi kwa kitu kidogo kama kuinama kufunga kamba za kiatu. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa, hakuna anayeyazua kichwani. Ila hayakuonyeshi kwamba kitu kinaharibika kila yanapokuja.

Mwaka 1965 watafiti wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kama lango: habari za maumivu hupita hapo zikielekea ubongoni, na lango hilo linaweza kufunguka zaidi au kufungwa. Mguso huligusa lango hilo, ndiyo maana ukijikwaa kidole unakisugua. Ubongo nao hutuma amri zake kutoka juu, na hofu, hasira, upweke na kukosa usingizi hulipanua. Kujisogeza bila woga, kupumua vizuri na kucheka hulifunga kidogo. Kwa hiyo mazoezi na utani vinakwenda kwenye lango lile lile, kila kimoja kwa njia yake.

Na kama una picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, iliyoandikwa “pingili zimechakaa” au “disiki imetokeza” (disiki ni ule mto laini kati ya pingili mbili), usiifanye hukumu. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2015 yaliangalia picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote. Disiki zilizotokeza zilikutwa kwa asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Wote hawaumwi. Ni kama mvi. Mimi picha yangu niliitunza kabatini kama hati ya kiwanja, nikiwaonyesha wageni. Mtani wangu aliiinua juani, akaigeuza, akauliza kama huo ndio uti wa mgongo au mkungu wa ndizi uliolaliwa na gunia. Tangu siku hiyo siioni tena kwa macho yale ya zamani.

Hatua ya tatu: pima kabla ya kukata

Fundi hakati kitambaa bila kupima, lakini mgongo wangu niliukata kwa kukadiria miaka miwili. Siku nikijisikia nafuu nashona mpaka usiku. Siku mbili zinazofuata nalala kama gogo. Nikipata nafuu narudia yale yale. Wengi wenye maumivu sugu wanaishi hivyo, na kila mzunguko unamthibitishia mlinzi kwamba alikuwa na haki ya kupiga filimbi.

Chukua daftari. Chagua shughuli moja inayokusumbua zaidi: kukaa, kusimama jikoni, kutembea, kufua. Siku tatu tofauti, pima kwa simu ni dakika ngapi unafanya kabla maumivu hayajapanda waziwazi. Mimi kwenye cherehani nilipata 25, 35 na 30. Wastani ni 30. Sasa ondoa moja ya tano: 24. Hicho ndicho kipimo chako cha kuanzia, na kanuni yake ni ngumu kuliko inavyoonekana: dakika 24 zikifika unanyanyuka hata kama hujisikii kuumwa, na siku mbaya unajaribu kuzifikia hata kama hujisikii kufanya. Saa ndiyo inayoamua. Maumivu si mkubwa wa ofisi tena.

Ukinyanyuka, dakika mbili au tatu zinatosha. Tembea, jinyooshe, kateke maji. Mimi niliihamisha pasi na mkasi mkubwa hadi upande wa pili wa kibanda, ili kila mshono unaotaka pasi uninyanyue. Wateja walidhani nimechanganyikiwa.

Kila wiki ongeza kiasi cha asilimia 10. Kutoka 24 unakwenda 26, kisha 29, kisha 32. Ukipata wiki ya msiba au safari, unabaki ulipokuwa. Hakuna faini.

Ukubwa wa maumivu wenyewe unaandikwa kwa namba, 0 mpaka 10, asubuhi na jioni basi. Usiandike kila saa. Ukimsikiliza mlinzi kila saa naye atapata la kusema kila saa.

Hatua ya nne: mtaalamu wa viungo, na mkeka

Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, inapatikana kwenye hospitali nyingi za rufaa na za mikoa. Kwa Tanzania wengi wanaijua Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili na hospitali ya KCMC Moshi, ambako pia wataalamu hawa wanasomeshwa. Hata ukimudu kwenda mara tatu tu, nenda. Siku ya kwanza uliza swali moja: “Nikafanye nini nyumbani?” Mtaalamu anayekulaza chini ya taa ya joto, akakuunganisha na mashine na kukuaga bila kukufundisha chochote, mshukuru na umtafute mwingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, na yanayopendekezwa humo ni elimu, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono na msaada wa kisaikolojia. Mikanda ya kiuno ile inayouzwa kila kona ya Kariakoo haipendekezwi, wala mashine za kuvuta mgongo. Nilikuwa na mikanda mitatu. Mmoja nimeukata nikaufanya mfuko wa pini.

Haya ndiyo niliyopewa mimi. Ni ya kawaida kwa mgongo wa chini, ila mtaalamu wako akikupa mengine, fuata yake.

Anza kwa kulala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Chini ya kiuno kuna uwazi ambao kiganja kinaweza kupita. Bonyeza kiuno taratibu mpaka uwazi uishe, kaa kwa kuhesabu tano huku unapumua, achia. Mara kumi. Zoezi hili linaonekana la kitoto. Mimi siku ya kwanza nilishindwa kujua ni msuli gani unaosogea.

Ukiwa hapo hapo, fanya daraja: kaza makalio, inua nyonga mpaka mapaja na kifua viwe mstari mmoja, hesabu tano, shuka pingili kwa pingili. Mara kumi, pumzika, rudia.

Kisha piga magoti na mikono kama mtoto anayetambaa. Kunja mgongo juu kama paka aliyemwona mbwa, kichwa kinaning'inia. Halafu uachie ubonyee chini kama mgongo wa ng'ombe mzee. Taratibu, mara kumi. Ukishazoea, baki katika mkao ule ule, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma kwa pamoja, kiuno kisiyumbe. Wazia kikombe cha chai ya moto kimewekwa mgongoni. Hesabu tano, badilisha upande. Mara nane kila upande, zikikushinda nne zinatosha.

La mwisho la mkekani lina hadithi yake, na naipenda kwa sababu tiba nzima ilizaliwa kwa bahati. Mwaka 1956, mjini Wellington huko New Zealand, mtaalamu wa viungo aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa mmoja aende chumba cha pili akalale kifudifudi kitandani. Mgonjwa alikuwa na maumivu yanayoshuka toka kiunoni mpaka mguuni. Kitanda kile kilikuwa kimeachwa upande wa kichwa umenyanyuliwa, kwa ajili ya mgonjwa aliyetangulia. Yeye hakuuliza, akalala hivyo hivyo, mgongo umepinda kwa nyuma, jambo ambalo wakati ule lilihesabiwa la hatari. McKenzie aliporudi alishtuka, lakini mgonjwa akamwambia mguu umeacha kuuma.

Unalifanya hivi: lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko, kaa dakika mbili. Ukimudu, weka viganja chini kama anayetaka kupiga pushapu, nyoosha mikono uinue kifua, lakini nyonga zibaki mkekani. Shuka. Mara kumi. Hapa kuna alama ya kuitazama: maumivu yakitoka mguuni yakarudi kukusanyika kiunoni, hiyo ni habari njema hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Yakikimbia kuelekea kwenye unyayo, acha. Na kama wewe ni mtu mzima ambaye miguu huuma ukisimama wima na hupata nafuu ukiinamia mkokoteni au fimbo, zoezi hili si lako. Muulize mtaalamu ya kukunja mgongo kwa mbele.

Halafu kutembea. Dakika kumi kwa siku, mwendo wa mtu anayekwenda kudai na siyo wa anayekwenda kulipa, ukiongeza kwa ile kanuni ya asilimia 10. Sina mengi ya kusema juu ya kutembea ila kwamba ndilo lililonisaidia usingizi.

Kuhusu kuuma wakati wa mazoezi: kuuma kidogo kunaruhusiwa. Mtaalamu wangu, binti anayelingana na mwanangu wa pili, alinipangia hivi: “Baba, ikipanda mpaka tatu au nne katika kumi, endelea. Ikifika tano, punguza. Na kesho yake asubuhi iwe imerudi ilipokuwa. Isiporudi, jana ulizidisha, sio kwamba umejiumiza.” Sentensi ile ya mwisho niliiandika ukutani kwa chaki ya kitambaa.

Hatua ya tano: kicheko chenyewe

Sasa tuje kwenye utani, na nianze kwa kupunguza matumaini. Kicheko hakiponyi disiki. Mmarekani mmoja mhariri wa jarida, Norman Cousins, aliugua ugonjwa mzito wa viungo mwaka 1964, na mwaka 1976 akaandika katika jarida la madaktari kwamba dakika kumi za kucheka kwa filamu za vichekesho zilimpa saa mbili za usingizi bila maumivu. Watu wameisimulia hadithi yake mpaka ikawa kama kicheko ni dawa ya kila kitu. Ile ilikuwa simulizi ya mtu mmoja, aliyekuwa anatumia na mambo mengine. Mimi nachukua humo kitu kimoja tu: saa mbili za usingizi. Mwenye mgongo anajua thamani yake.

Kilichopimwa vizuri zaidi ni kazi ya Robin Dunbar wa Oxford na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2012. Waliwaonyesha watu vichekesho, kabla na baada wakawapima uvumilivu wa maumivu, kwa kufunga mkono na kifuko kilichogandishwa au kuubana kwa mkanda wa presha. Waliocheka walivumilia zaidi kuliko waliotazama vipindi vya kawaida. Wao wanahusisha jambo hilo na endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea, na kazi ya msuli: kile kicheko cha kutikisika tumbo, pumzi zinatoka mfululizo mpaka unaishiwa. Tabasamu la adabu halimo. Na kicheko cha namna hiyo humjia mtu zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake na simu kitandani.

Ndiyo maana nasema sisi tuna bahati, maana kicheko cha pamoja kwetu kina kanuni zake tayari. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo. Mhehe ana Mngoni wake, na mjukuu kila mahali ana babu yake. Mtani anaweza kukuambia msibani neno ambalo ndugu yako angelitamka mngepigana, na wewe huna haki ya kukasirika. Ruhusa hiyo ndiyo mgonjwa anayoihitaji, kwa sababu watu wengine wote wanamwonea huruma. Huruma ni nzuri wiki ya kwanza. Mwaka wa pili inakuwa kama blanketi mwezi wa Februari.

Kivitendo fanya hivi. Tafuta mtu mmoja ambaye una ruhusa naye: mtani wa kabila, shemeji, mjukuu, rafiki wa kijiwe cha kahawa. Mwambie waziwazi kwamba unamruhusu kuutania mgongo wako. Mkubaliane mipaka: anautania mgongo, hamtanii mwenye mgongo. “Mgongo wako umeshikwa na polisi wa barabarani?” ni utani. “Wewe unajisingizia ili usifanye kazi” si utani, ni kesi, na anayesema hivyo usimwite mtani hata kama ni wa damu. Mwanzo uwe wako: mwenye maumivu ndiye anayefungua mlango wa siku hiyo. Mimi nikifika kibandani nikasema “leo Mwenye Nyumba kaja”, jirani yangu anajua uwanja uko wazi. Nikipita kimya, ananiletea muhogo na pilipili, hasemi kitu.

Mwenye Nyumba ndilo jina nililoyapa maumivu yangu, kwa sababu yananiamsha saa kumi na moja alfajiri, hayajali nimelala saa ngapi, na yana madai ya zamani. Yape na wewe jina. Si mchezo wa watoto: ukisema “naumwa” unajisema mwenyewe mzima mzima, ukisema “Mwenye Nyumba anagonga” umeshasimama kando kidogo, unamtazama. Unaweza hata kuandika kwenye daftari mistari miwili ya kichekesho cha siku. Mwandiko wangu wa mwezi wa kwanza ni namba tupu. Wa mwezi wa nne una siku mteja aliponikuta kifudifudi kwenye mkeka, nimeinua kifua, akasubiri mlangoni kwa heshima akidhani naswali.

Jioni tenga robo saa ya vichekesho na watu wa nyumbani. Za marehemu King Majuto kwetu hazichuji. Kama kucheka kwenyewe kunakuuma, kumbatia mto tumboni, kunja magoti, na ucheke ukiwa umelala ubavu.

Hatua ya sita: changanya

Watu wenye mgongo wana ugonjwa wa pili wasioujua: wanabana pumzi. Ukiinama unabana, ukinyanyuka unabana, ukifanya zoezi unabana, na misuli yote ya kiuno inakaza kama ngoma. Huwezi kucheka huku umebana pumzi. Jaribu.

Kwa hiyo mazoezi yangu ya jioni nafanya mtani wangu akiwa anahesabu, huku anamenya mihogo ya kesho. Huhesabu hivi: “Saba. Nane. Tisa. Tisa. Tisa.” Namwambia hiyo ni kumi na moja sasa. “Tisa,” anasema bila kuinua macho, “Wanyamwezi mlikuwa mnahesabu pembe vizuri kuliko hivi.” Nashuka kwenye daraja nimecheka, na daraja lililotakiwa kuwa la mara kumi limekuwa la kumi na mbili. Asiye na wa kumhesabia amrekodi mjukuu kwenye simu akihesabu, na wajukuu hawakosei: wataruka kutoka nne kwenda kumi na tano.

Hatua ya saba: siku ya moto

Itakuja. Utakuwa umefanya kila kitu sawasawa, na asubuhi moja utaamka kama vile hujawahi kuanza. Mpango wake uandikwe siku nzuri, ubandikwe ndani ya mlango wa kabati, kwa sababu siku yenyewe kichwa hakifanyi kazi.

Wangu unasema: soma tena dalili za hatari za hatua ya kwanza, kama hamna, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga kiunoni, dakika kumi na tano. Usilale siku nzima. Kila saa nyanyuka utembee hata mpaka uani. Fanya nusu ya mazoezi, yale mawili ya kwanza tu. Punguza dakika za cherehani hadi nusu kwa siku mbili au tatu, kisha panda tena. Mpigie mtani.

Vidonge vya kutuliza maumivu vya diklofenaki visiwe rafiki wa kila siku. Vikitumiwa muda mrefu bila daktari huchimba tumbo na kuumiza figo, na mwenye presha au vidonda vya tumbo yuko hatarini zaidi. Kuchuliwa kwa mafuta kunapooza, sina ugomvi nako, ila anayetaka kukukanyaga mgongo au kuuvunja kwa mshtuko mwambie ahsante, umepona.

Wiki ya kumi na mbili

Rudia kipimo cha hatua ya tatu kwa siku tatu, kwa shughuli ile ile. Linganisha dakika kwanza, namba za maumivu baadaye, kwa sababu uwezo hutangulia na nafuu hufuata, tena mara nyingine kwa mbali. Mimi nilikuwa nimetoka dakika 24 hadi 50. Maumivu ya jioni yalikuwa yameshuka kutoka 7 hadi 5 tu. Nilipomwonyesha yule binti daftari nikilalamikia ile 5, alinyamaza, akahesabu kanzu nilizoshona wiki ile, kisha akaniuliza nguo yake ya Idi ningeimaliza lini.

Dakika zikiwa zimeongezeka, baki na mazoezi matatu yanayokufaa zaidi, mara tatu kwa wiki, na kutembea kila siku. Zisipoongezeka kabisa, au mguu umeanza kupata ganzi mpya, rudi kwa mtaalamu na daftari lako mkononi. Kurasa zile zitamsaidia kuliko picha ya kabatini.